Suti ya Miezi Mitano

Kitenge hakikatai mimba. Tumbo likiongezeka, mama husogeza fundo vidole viwili kando, hufunga kitenge cha pili juu yake, na safari ya soko au ya kanisa inaendelea. Libaya nalo, yaani blauzi ya juu, likiwa limekatwa kwa nafasi mabegani na kuachiwa marinda chini ya kifua, huvumilia mpaka siku ya kujifungua. Bibi zetu wa Likasi hawakuwahi kutafuta nguo za mimba, maana walikuwa nazo sandukuni tangu walipoolewa.

Shida imeletwa na ofisi. Msichana amesoma uhasibu, amepata kazi kwenye dirisha la benki au katika kampuni inayohudumia migodi, na amepewa suti iliyokatwa kumbana kiunoni. Mwezi wa nne haujaisha, zipu ya sketi inagoma. Anaiacha wazi, anaikamata kwa pini, anashusha blauzi ifunike, na siku nzima anaogopa kusimama. Nimewapokea wengi wenye alama ya pini tumboni. Kwa ajili yao nilianza kukodisha nguo za kazi za wajawazito hapa Kikula, mtaa wa Likasi, pembeni ya kazi yangu ya zamani ya kushona na kukodisha nguo za harusi. Mafundi wenzangu, hata wa Lubumbashi na Kolwezi, huniuliza kazi hii inaanzwaje na kama inalipa. Inalipa, tena polepole, na humlipa yule anayejua kukata nguo na asiyevumilia uchafu.

Mama yangu alipiga taipu katika ofisi za Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, wakati wa Rais Mobutu. Chini ya siasa ya otentisite, yaani kurudi kwenye asili, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanaume walivaa koti la abakosti bila tai, na wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia. Kitenge ndicho kilichokuwa vazi la heshima mbele ya wakubwa. Kwa hiyo mama alibeba mimba zake zote akiwa kazini, na hakuna mkubwa aliyemwambia kwamba hajavaa vizuri. Mobutu alipofungua mlango wa vyama vingi, tarehe 24 Aprili 1990, aliachia pia mavazi. Tai zikarudi, na baada yake suruali na suti za wanawake. Nilifurahi na bado nafurahi. Mwanamke asipangiwe na serikali cha kuvaa. Lakini ofisi zilipochukua suti, hazikufikiria tumbo.

Halafu ikaja 2003. Gécamines, iliyokuwa imelea mji huu kwa mshahara, shule na hospitali, iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, fedha zikitoka Benki ya Dunia. Katika nyumba za mitaa ya Panda na Shituru, baba alikaa uani na mama akatoka kutafuta. Walioishi siku zile wanakumbuka ni nani aliyelipa karo za watoto. Binti za akina mama wale ndio waliosoma katika Chuo Kikuu cha Likasi au Lubumbashi, na leo ndio wahasibu, wauguzi, wapimaji wa laboratwari, makarani wa meya na wasimamizi wa usalama katika kampuni zilizo kwenye barabara ya Kambove, Fungurume na Kolwezi. Mshahara wao unalisha watu wengi. Wakipata mimba hawawezi kukaa nyumbani, na sioni kwa nini waende kazini wakiwa na aibu ya zipu.

Wengine huniambia, mama fundi, kwa nini akodi? Anunue, mimba ya pili atavaa tena. Wanaosema hivyo wana hesabu yao: utafiti wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke wa Kongo. Ila mhasibu wa benki si wastani huo. Wengi wanaokuja kwangu hupanga uzazi, mtoto na mwenzake wakiachana miaka mitatu au minne. Katika miaka hiyo mwili umebadilika, nguo imekaa kwenye unyevu wa masika mengi au imeshapewa mdogo wake, na fedha aliyoilipa ilihitajika wakati ule ule kwa ajili ya kitanda cha mtoto na maternite, yaani wodi ya uzazi. Na mitumba? Mitumba ipo tele sokoni, lakini nguo kubwa ya mitumba imekatwa kwa mtu mnene. Inamtosha tumbo, mabega yanaanguka, shingo inapwaya, na mama anaonekana kama amevaa nguo ya dada yake.

Kukodi nguo kwenyewe si jambo geni hapa. Katika mji wetu gauni la harusi hukodiwa. Bibi harusi huja na shangazi zake, hujaribu, huweka garanti, yaani amana, huvaa Jumamosi na kurudisha Jumatatu. Watu waliokubali kuvaa gauni la mwenzao siku kubwa kuliko zote hawashindwi kuvaa koti la mwenzao siku ya Jumanne. Kwa hiyo nikimshauri fundi anayetaka kuanza, namwambia aanzie kwa wale wanaokodisha nguo za harusi, akae nao, aone daftari lao linavyoandikwa na garanti inavyorudishwa. Mengine yote ni tofauti. Gauni la harusi hupata jasho la saa chache. Sketi ya kazi hukaliwa kutwa, hupanda pikipiki, hupigwa na vumbi jekundu la malori ya shaba, na huvaliwa na mtu ambaye umbo lake la leo silo la mwezi ujao.

Hapo ndipo ufundi ulipo, na hapa naomba msomaji anivumilie.

Kufika wiki ya 20, mfuko wa uzazi huwa umefika usawa wa kitovu. Wiki ya 36 huwa umefika chini ya mfupa wa kifua, kisha mtoto hushuka. Mama aliyeanza na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongeza kilo 11 hadi 16 hivi, lakini kilo hizo hazigawanyiki sawa. Kifua hutangulia, mara nyingi kabla tumbo halijaonekana. Mabega hayabadiliki sana. Mikono na miguu huvimba mwishoni. Kwa hiyo nguo nzuri ya mimba hubana mabegani kama nguo ya kila siku, hufuata kwapa vizuri, halafu kuanzia chini ya kifua ndipo inapoanza kutoa nafasi. Fundi akikosea mabega, hata kitambaa cha ghali hakitamsaidia.

Jambo la pili ni pindo. Chukua sketi ya kawaida, umvalishe mama wa miezi saba: mbele itapanda juu ya goti, nyuma itabaki ilipo. Tumbo limekula urefu wa mbele. Huko Dallas, Marekani, mwaka 1938, binti aliyeitwa Elsie Frankfurt alimwona dada yake mjamzito, Edna, akiteseka na jambo hilihili. Alikata dirisha mbele ya sketi, mahali pa tumbo, akaweka tepe za kufunga, na blauzi pana ikafunika juu. Sketi ikabaki imebana miguuni na pindo likakaa sawa. Kampuni waliyoifungua, Page Boy, iliwavalisha wanawake wengi kwa miaka mingi. Kabla yao, mwaka 1904 huko New York, mshonaji mhamiaji kutoka Lithuania, Lena Bryant, alikuwa ameshona gauni la mimba lenye lastiki kiunoni kwa ajili ya mteja aliyetaka kutoka nje bila kuona haya. Magazeti yalikataa kutangaza nguo za namna hiyo mpaka 1911. Nawakumbuka kwa sababu wote wawili walianza kama sisi, na mteja mmoja aliyesimama mbele ya kioo.

Mimi sikati dirisha. Naweka kipande cha jezi inayovutika mbele, kutoka nyonga hadi nyonga, kikipanda mpaka chini ya kifua kwa yule anayependa tumbo lishikwe, au kikiishia chini ya tumbo kwa yule asiyependa kubanwa. Na mbele ya sketi naongeza sentimita tano hadi saba za urefu zinazopungua polepole kuelekea ubavuni. Nguo ikining'inia kwenye kamba inaonekana imeharibika, imerefuka mbele kama ulimi. Mama akiivaa, pindo linazunguka magoti sawasawa. Kiunoni, ndani ya bitana, lastiki inapita kwenye njia yake ikiwa na matundu ya vifungo, na kifungo kimoja kila upande. Kila baada ya wiki chache anafungua tundu moja. Mishono ya ubavuni naachia akiba ya vidole viwili kila upande, kwa sababu nguo hii itavaliwa na Mama wa leo na Mama wa mwaka kesho, na hawalingani. Mshono mwembamba uliokatwa karibu ni mzuri kwa nguo ya kuuza. Kwa nguo ya kukodisha ni hasara.

Koti la suti lina siri rahisi: halifungwi. Nalikata likae wazi mbele, nyuma liwe na mkanda mdogo wa kuvuta. Mama wa miezi minane akivaa koti jeusi lililo wazi juu ya gauni la rangi ileile, mteja wa benki anaona suti. Rangi ni buluu ya giza, nyeusi, kijivu na kahawia, zinazobadilishana bila kugombana. Paketi ya mteja mmoja huwa na magauni mawili, suruali au sketi moja, blauzi mbili na koti moja. Kwa vipande hivyo anafika kazini zaidi ya wiki moja bila kurudia sura.

Nikipima, sipimi mara moja. Mama hupita kila mwezi, namwongezea au kumbadilishia. Muuguzi wa maternite alinifundisha jambo ambalo nalisema kwa kila fundi: mikono ya blauzi ikibana ghafla ndani ya siku chache, uso umejaa, na mama anasema kichwa kinamuuma au macho yanaona vimulimuli, usipanue mkono wa blauzi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo apimwe presha. Kuna mama niliyemsindikiza hivyo na mita ya kupimia ikiwa bado shingoni mwangu. Nguo zake zilikaa kabatini mwangu muda mrefu kabla hajazifuata, naye alipozifuata alikuwa na mtoto mgongoni.

Sasa usafi, maana hapa ndipo wengi watakaoanza watashindwa.

Katanga ina nzi wa rangi ya kahawia iliyoingia njano, mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, anayependa kivuli. Hutaga mayai kwenye nguo iliyoanikwa ikiwa bado mbichi. Mayai huanguliwa kwa siku moja hadi tatu, funza wake hungoja kwenye mshono, na mtu akivaa huingia ngozini bila kuhisiwa, kisha panaota jipu lenye tundu. Kila mama wa hapa anajua dawa yake, nayo ni pasi ya moto, ndani na nje, hasa kwenye mishono na viunoni. Lakini nguo ya mimba ina lastiki na jezi, na pasi ya moto huiua lastiki. Ukiipiga pasi kama shuka, baada ya mama wa pili kipande cha mbele kimelegea kama soksi kuukuu. Usipoipiga, unamhatarisha mjamzito na mtoto wake.

Nilichofanya ni kutenga chumba cha kuanikia chenye wavu kwenye dirisha na pazia la wavu mlangoni. Sehemu za pamba na tetroni zinapigwa pasi ya moto. Sehemu za jezi zinapigwa pasi ya wastani juu ya kitambaa chenye unyevu, mvuke uingie, halafu nguo nzima inafungwa kwenye mfuko na kukaa zaidi ya wiki mbili kabla ya kutoka kwa mteja mwingine, kwa sababu funza yule hawezi kuishi muda huo bila ngozi. Wiki hizo mbili ni fedha iliyolala. Fundi atakayetaka kuziruka ili nguo izunguke haraka, nampa shauri aendelee na nguo za harusi tu.

Umeme nao una mambo yake. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kazi 1930 ili kulisha viwanda vya shaba vya hapa kwetu, na nguzo zake kubwa tunaziona, lakini majumbani umeme hukatika upendavyo. Ninayo pasi ya makaa. Blauzi nyeupe sizipigi kwa pasi hiyo, maana jivu moja likidondoka kolani, kazi yote ya kufua imekufa. Nyeupe hungoja umeme, hata usiku wa manane. Maji ya bomba nayo naweka akiba kwenye mapipa yakitoka. Katika hesabu ya kuanza, usisahau mapipa.

Nakuja kwenye fedha. Hapa sote tunahesabu kwa dola na kulipa kwa faranga, kwa hiyo bei naiandika kwa dola na napokea faranga kwa kiwango cha siku hiyo, ama mkononi ama kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Tuseme gauni limekula dola 24, pamoja na kitambaa, bitana, lastiki, vifungo na mkono wa fundi. Umelikodisha dola 4 kwa mwezi. Sabuni, makaa, maji na kurekebisha mishono vinakula dola 1. Unabaki na dola 3, kwa hiyo gauni linahitaji miezi minane ya kuvaliwa ili lirudishe fedha yake. Na halivaliwi miezi yote 12. Toa wiki za mfukoni, toa miezi ambayo hakuna mteja wa kipimo hicho, utakuta mwaka mzima umepita ndipo linakuwa lako. Mwaka wa pili ndio wa faida, likiwa limeshonwa vizuri. Mwaka wa tatu kipande cha jezi kinabadilishwa au gauni linauzwa kwa bei ndogo kwa mama aliyelipenda. Mtu anayetaka faida ya mwezi wa kwanza auze vitumbua.

Ndiyo sababu nakataza kukopa kwa riba ili kuanza. Fedha ya likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, inafaa zaidi. Zamu yako ikifika, unashona vipande vichache vya vipimo vya katikati, unavikodisha, na zamu inayofuata unaongeza. Nami nilianza na mabaki ya vitambaa vya suti vilivyobaki kwenye kazi za wateja wengine, nikayaunganisha na jezi mpya.

Garanti ni nusu ya thamani ya paketi. Inarudishwa siku nguo zinaporudi, bila kusumbuana. Doa la kawaida la kazi silikati kwenye garanti, kwa sababu nguo ya kazi hupata madoa. Tundu la sigara au nguo iliyopotea naikata, na hilo tunaliandika mwanzoni, mama anasaini, nami nasaini. Siku ya kulipa naiweka baada ya mshahara wake, hata kama ni tarehe tofauti kwa kila mteja. Nimeona hilo linaondoa nusu ya ugomvi. Kwa mwalimu, ambaye mshahara wake haubebi paketi, natoa gauni moja kwa wiki: wiki ya mkaguzi, wiki ya mitihani, au siku ya kutetea kazi yake chuoni.

Upande wa karatasi sina mengi. Biashara ndogo kama hii inaendeshwa kwa kibali kiitwacho patenti, chini ya sheria ya tarehe 2 Agosti 1979 ya biashara ndogondogo. Tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa sheria za biashara barani Afrika, mwaka 2012 kuna pia njia ya mjasiriamali mdogo anayejiandikisha kwa tamko. Jambo ambalo akina dada wengi bado hawalijui ni la nyumbani: Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa kazi au mkataba. Marekebisho ya Julai 2016 yaliiondoa ruhusa hiyo. Sasa mume na mke wanatakiwa kuelewana, wote wawili. Papa mmoja alipokuja kunidai kwa nini nimemwandikisha mke wake bila yeye, nilimkaribisha kiti, nikamsomea. Tulimaliza vizuri, na siku hizi yeye ndiye huleta malipo.

Sheria nyingine inayoongoza kazi yangu ni Sheria ya Kazi ya Oktoba 2002. Inampa mama likizo ya wiki 14, sita kabla ya kujifungua na zisizozidi nane baada yake, akilipwa theluthi mbili ya mshahara. Ukihesabu kutoka mwezi wa nne au wa tano, zipu inapogoma, mpaka likizo inapoanza, unapata miezi mitatu minne. Kisha mama anarudi kazini mtoto akiwa na miezi miwili tu. Tumbo halijarudi, maziwa yamejaa, suti ya zamani bado haiingii. Sheria hiyohiyo inampa mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ya kumnyonyesha. Kwa hiyo blauzi zangu nyingi nazishona na kipande cha mbele kinachopishana, chini yake mna tundu lililofichwa. Anayeivaa na tumbo haoni tofauti. Anayenyonyesha anainua kipande cha juu, mtoto ananyonya, na mama anarudi kwenye dirisha lake akiwa nadhifu. Mwezi huo mmoja au miwili ya baada ya likizo ndiyo inayofanya biashara isimame, na ndiyo ambayo akina mama wanaishukuru zaidi.

Wapo wanaorudisha nguo mapema. Mama anaingia na mfuko, tumbo halipo na mtoto hayupo. Huyo simwulizi neno mbele ya watu. Namrudishia garanti yote siku hiyohiyo na kodi ya mwezi huo naifuta. Nguo zake siziweki tena kwenye kabati la kukodisha. Nazifumua, natoa kipande cha mbele, nakata upya, zinakuwa magauni ya kawaida ya kuuza. Nafanya hivyo kwa sababu kila mteja mpya, kabla ya kujaribu, huniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, nani aliivaa mbele yangu? Na mtoto wake yuko?" Wako wanaosema huo ni ushirikina tu. Mimi namwona mtu anayebeba hofu ya watu wawili, na nataka nikimjibu, "Yuko, anatambaa," liwe jibu la kweli. Hasara ya gauni lililofumuliwa naiweka kwenye bei za wote, senti kidogo kwa kila mmoja, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika nilipomweleza.

Ninachopigania sasa ni waajiri. Kila tarehe 8 Machi kampuni na idara za hapa hununua vitenge vya Siku ya Wanawake kwa wafanyakazi wao wa kike, na mji mzima unatembea kwa rangi moja. Ni jambo zuri, na mimi nashona mabaya mengi ya vitenge siku zile. Lakini mwajiri aliyetoa sare ya kazi inayobana kiuno anapaswa kutoa na sare ya mimba, kama anavyotoa kofia na viatu vya usalama. Anapoikodi kwangu halipi nguo ya kutupa: analipa miezi mitano, nguo inarudi, na mwaka kesho inamvalisha mfanyakazi wake mwingine. Nimewapelekea barua wasimamizi kadhaa wa wafanyakazi, na ndani yake nimeweka kipande cha jezi wakivute wenyewe kwa mikono yao.

Msimamizi mmoja alinijibu kwa swali: je, naweza kushona na suruali za kiwandani, zile nzito zenye mikanda inayong'aa? Naweza. Kitambaa chake hakivutiki, kwa hiyo kipande cha tumbo lazima kiwe kipana kuliko cha sketi, na mabega yachukue uzito kwa kanda, kiuno kisibebe kitu. Mikanda inayong'aa naishona chini ya magoti na mabegani, isikatize tumbo, na lastiki naificha yote ndani ili isinase kwenye mashine. Ya kwanza nimeshaikata. Mama mmoja wa laboratwari, mwezi wake wa sita, anakuja Jumamosi kuijaribu akiwa na viatu vyake vya kazi, tuone kama anaweza kuinama na kuvifunga mwenyewe.